Malaria imeonekana, dawa imemezwa, na mtoto bado analia kichwa: uzi wa kuvu ya ubongo kwa watoto

#1 TabibuWaZiwa

Wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni afisa wa kliniki, nimefanya zamu katika hospitali kadhaa za ukanda wa ziwa na kwa sasa niko Kisumu. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu kwa sababu kosa la kwanza ndani yake ni langu mwenyewe.

Ilikuwa hospitali moja ndogo ambayo sitaitaja. Saa tano usiku nyanya mmoja aliletwa na bodaboda akiwa amembeba mjukuu wake, binti wa miaka 11 mwenye kilo 20. Mnaolea watoto mnajua kilo 20 kwa umri huo ni nini. Ilikuwa mara ya tatu kuletwa ndani ya mwezi. Mara ya kwanza alipimwa malaria, ikaonekana, akapewa vidonge. Mara ya pili hivyo hivyo. Sasa kichwa kilikuwa kimeuma wiki tatu, anatapika asubuhi, na nyanya akasema, "Daktari, huyu anajigonga mlangoni kama mtu anayeona milango miwili."

Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu. Kisha nikapima malaria, kipimo kikawa chanya, nikaandika malaria kali, nikaongeza seftriaksoni, dawa ya bakteria, kwa tahadhari, nikaenda kwa mgonjwa mwingine.

Asubuhi sista mmoja wa siku nyingi alinishika mkono. "Daktari, tazama jicho la kushoto. Linaingia puani. Hilo si la mbu."

Sasa nieleze jambo ambalo wengi huku kwetu, hata sisi wa kazi, hatulitilii maanani. Kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole hakimtafuti mdudu wa malaria mwenyewe. Kinatafuta protini anayoiacha kwenye damu. Mdudu akishakufa kwa dawa, protini inaweza kubaki wiki kadhaa, na kipimo kitaendelea kuonyesha mistari miwili. Isitoshe, huku ziwani kuna watoto wengi wenye wadudu wachache damuni ambao wanacheza mpira vizuri tu. Kwa hiyo chanya inakwambia malaria imepita hapa au ipo hapa. Haikwambii kwamba ndiyo inayomuumiza mtoto kichwa leo.

Tukauliza upya, safari hii kwa utulivu. Mama wa binti alikuwa ameenda Nairobi kutafuta kazi miezi minane iliyopita. Binti alizaliwa na virusi vya UKIMWI, alikuwa kwenye ARV, na tangu mama aondoke hakuna aliyempeleka CCC, kliniki ya wenye virusi. Nyanya alijua kuna dawa, hakuambiwa ni za nini. Sikumlaumu.

Tulimtoa maji ya mgongo saa nne asubuhi. Hatukuwa na kile kifaa cha kupimia presha ya maji, kwa hiyo tuliunganisha mpira safi wa dripu kwenye sindano, tukausimamisha wima, na sista akashika tepu ya fundi cherehani kando yake. Presha ya kawaida kwa mtoto aliyelala ubavu kwa utulivu huwa sentimita 20 hivi au chini yake. Maji yalipanda yakapita 40, nikaacha kuhesabu. Yalikuwa safi kabisa. Mwenzangu akasema, "Yako safi, si meninjitisi." Hapo ndipo wengi huanguka. Meninjitisi, yaani uvimbe wa utando wa ubongo, ikiwa ya bakteria mara nyingi huyafanya maji kuwa kama ya mchele. Ya kuvu inaweza kukupa maji ya kunywa.

Kipimo cha CrAg, kinachotafuta alama ya kuvu, kikatoa jibu ndani ya dakika kumi. Kriptokokasi, ndiyo kuvu yenyewe.

Nitaendelea na matibabu chini. Ulizeni.

#2 OmeraKondele

Daktari heshima yako, lakini hapo kwa maji ya mgongo mimi siko. Mtoto wa jirani yetu alitolewa hayo maji Jumatatu, Jumatano tukawa tunachanga pesa za jeneza. Na mwingine namjua hakutembea tena. Mtatuambia nini?

#3 TabibuWaZiwa

Omera, pole kwa jirani. Sitakwambia ulichoona hukukiona.

Ila fikiria mpangilio wa mambo. Mtoto anaumwa wiki tatu nyumbani, anapelekwa duka la dawa, anapelekwa kwa maombi, anapelekwa zahanati, na siku anapofika kwenye sindano ya mgongo tayari yuko mlangoni mwa kifo. Sindano inakuwa kitu cha mwisho familia ilichoona, basi ndiyo inayobeba lawama. Na huyo asiyetembea, ugonjwa wenyewe huwa unapooza watu.

Kuhusu mahali inapoingia: uti wa mgongo wenyewe, ile kamba ya neva, hauendi hadi chini. Kwa mtu mzima huishia karibu na usawa wa mbavu za mwisho, na kwa mtoto mchanga hushuka kidogo zaidi. Sisi tunaingia chini ya hapo, karibu na mstari wa nyonga, ambako kuna nyuzi zinazoelea ndani ya maji. Sindano ikifika huko nyuzi husogea.

Kuna wakati hatutoi. Mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, upande mmoja wa mwili ukiwa umelegea ghafla, mtoto akiwa anapumua kwa shida au hajitambui kabisa, au ngozi ya mahali pa sindano ikiwa na usaha, tunasubiri, tunaanza dawa kwanza. Hilo nalo ni la kumuuliza daktari wako.

Na kwa kriptokokasi, kutoa maji ni tiba yenyewe, zaidi ya kuwa kipimo. Kuvu ina ganda la utelezi linaloziba njia za kunyonya maji kichwani, presha inapanda, macho yanakufa, masikio yanakufa, kisha mtoto. Yule binti tulimtoa maji kidogo kidogo huku tukipima hadi presha ikashuka nusu. Jioni aliomba chapati. Kesho yake kichwa kilirudi, tukatoa tena. Mara nne kwa siku sita. Nyanya alianza kwa kulia, akaishia kuja kuniuliza mwenyewe, "Leo hamtoi?"

#4 DarubiniMbili

Mimi ni wa maabara, Kakamega. Naomba niongeze kwa upande wetu maana watu huandika tu "wino wa India" kwenye karatasi halafu wanaondoka.

Wino wa India ni wino mweusi wa kawaida. Unayazungusha maji ya mgongo kwenye mashine, unachukua tone la chini, unachanganya na wino, unaangalia. Kuvu inakuja kama duara lenye uwazi mkubwa kulizunguka, kama mwezi siku ya ukungu, na mara nyingine unaiona ikichipua kidogo ubavuni. Ni raha kuiona, Mungu anisamehe. Lakini kuvu zikiwa chache unaweza kuzunguka kioo chote usione kitu, na ukiwa na haraka utaita kiputo cha hewa au seli nyeupe kuwa kuvu. Kwa hiyo wino ukisema hapana, siuamini. CrAg ndiyo yenye macho. Ni kijiti tu, hakihitaji umeme, na kinakubali maji ya mgongo, majimaji ya damu, hata damu ya kidole.

Mambo mawili ya kuangalia. Moja, kuvu zikiwa nyingi mno kijiti kinaweza kuzidiwa kikaonyesha hasi au mstari hafifu. Ukiwa na shaka, punguza sampuli kwa maji maalumu urudie. Pili, msinitumie sampuli baada ya mwezi mkiuliza kama mtoto amepona. CrAg hubaki chanya miezi mingi hata kuvu zikiwa zimekufa.

Halafu mililita. Daktari analeta matone matano anataka seli, protini, glukosi, wino, CrAg, kuotesha na Xpert, kile kipimo cha TB. Haki ya Mungu.

#5 TabibuWaZiwa

@DarubiniMbili hapo umenipiga mimi 😂. Nakubali.

#6 SistaWaZamu

Nimefanya wodi ya watoto kabla ya hizi dawa mpya kufika. Wacha niseme kuhusu amfoterisini ile ya zamani, dawa ya kuua kuvu, maana bado ipo na vituo vingine ndiyo pekee walio nayo.

Inakaa kwenye friji. Inachanganywa na dripu ya dekstrosi asilimia 5 TU. Ukiitia kwenye dripu ya chumvi inagandamana, na niliwahi kumwona mwanafunzi akifanya hivyo, tukaitupa chupa nzima huku mzazi anatazama. Inaingia polepole, saa nne hadi sita. Mtoto anatetemeka, homa inapanda, mama anadhani tunamuua. Tulikuwa tunatanguliza parasetamoli na dripu ya chumvi kulinda figo, kisha tunausafisha mpira kwa dekstrosi ndipo amfoterisini iingie. Kanula, ule mrija wa mshipani, inaharibika kila baada ya siku mbili, mishipa ya watoto hawa ni kama uzi.

Lakini kinachoua kimyakimya ni potasiamu. Dawa inachubua figo, potasiamu na magnesiamu zinatoka na mkojo, moyo unakosa mpigo. Damu inapungua pia. Kama hospitali haiwezi kupima kreatinini (kipimo cha figo) na potasiamu angalau mara mbili kwa wiki, mpeni mtoto rufaa mapema, msingoje avimbe. Tulikuwa tunawapa potasiamu ya vidonge na ndizi. Ndizi ni za kujifariji tu, vidonge ndivyo vinavyofanya kazi.

#7 TabibuWaZiwa

Asante sista. Sasa dawa za sasa.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo baada ya utafiti wa AMBITION uliofanywa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Badala ya dripu ya kila siku, mgonjwa anapewa amfoterisini ya liposomu MARA MOJA, miligramu 10 kwa kila kilo, pamoja na dawa mbili za vidonge kwa siku 14: flusitosini na flukonazoli. Liposomu ni vitone vya mafuta vinavyoibeba dawa, figo haziumii sana kama kwa ile ya zamani. Utafiti wenyewe ulikuwa wa watu wazima, lakini mwongozo umewajumuisha watoto kwa hesabu ya kilo.

Hesabu ya binti wetu wa kilo 20 ingetoka hivi: amfoterisini ya liposomu miligramu 200, yaani chupa nne za miligramu 50. Flusitosini miligramu 100 kwa kilo kwa siku, ni 2,000, igawe mara nne, kidonge kimoja cha 500 kila baada ya saa sita. Flukonazoli miligramu 12 kwa kilo, ni 240 kwa siku. Kwa bahati namba zinakaa vizuri. Mpe mtoto wa kilo 13 uone mtakavyokata vidonge na kusaga na kijiko.

Kama liposomu haipo, mwongozo unaruhusu ile ya sista kwa siku saba, miligramu 1 kwa kilo kwa siku, pamoja na flusitosini, kisha flukonazoli wiki ya pili. Ndiyo tuliyompa sisi. Baada ya wiki mbili flukonazoli inaendelea kwa wiki nane, kisha dozi ndogo ya kulinda hadi kinga ipande.

Flukonazoli peke yake tangu mwanzo ni njia ya kumzika mtoto polepole. Nimeona ikifanyika kwa sababu ndiyo iliyokuwa kabatini.

Na ARV: tusikimbilie. Kila mtu anataka kumrudisha mtoto kwenye dawa siku hiyohiyo. Utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini, ukachapishwa 2014, ulionyesha walioanzishwa mapema walikufa zaidi, 45 kwa mia dhidi ya 30 kwa mia waliosubiri. Kinga inaamka na kukuta kuvu imejaa ubongoni, vita inapiganwa ndani ya fuvu. Tunasubiri wiki nne hadi sita. Kumweleza nyanya kwamba dawa aliyokosa miezi minane bado asubiri mwezi mwingine, hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko sindano.

#8 MamaPili

Jamani mimi nina njiwa nyumbani, watoto wanawalisha kila asubuhi. Nimesoma mahali kwamba hiki kidudu kiko kwenye mavi ya njiwa. Niwachinje? Na huyo binti akikohoa darasani, wenzake je?

#9 TabibuWaZiwa

Mama Pili, usichinje mtu 😀. Kuvu hii ipo kwenye mavi ya ndege, hasa njiwa, kwenye udongo na kwenye miti inayooza. Sote tunaivuta. Mwili wenye kinga huifungia mapafuni, mwenyewe hujui. Haitoki kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine kwa kukohoa. Banda lisafishe likiwa na unyevu ili vumbi lisipande, na kama nyumbani kuna mtoto mwenye kinga iliyoshuka, kazi hiyo asipewe yeye.

Watoto wadogo wanaoipata ni wachache kuliko watu wazima, ndiyo maana mwongozo hausemi kila mtoto mwenye virusi apimwe CrAg. Kuanzia miaka 10 mambo hubadilika: aliyechelewa au aliyeacha dawa na CD4 (hesabu ya seli za kinga) iko chini ya 100, apimwe CrAg ya damu hata kama hana dalili, na penye uwezo hata chini ya 200. Alama hutokea damuni wiki kadhaa kabla ya kichwa kuanza kuuma. CD4 ya binti wetu ilikuwa 11.

Na si wenye virusi pekee, ingawa ndio wengi. Mwenye saratani ya damu, mwenye utapiamlo mkali, aliyetumia steroidi muda mrefu. Kwa vichanga waliozaliwa kabla ya wakati kuna kuvu nyingine kabisa, kandida, inayoingia kupitia mipira na kanula. Hiyo inahitaji uzi wake.

#10 Dawa_na_Duka

Famasia, Busia. Swali ni moja, flusitosini mnaitoa wapi? Mimi mzazi akija na karatasi namwangalia tu. Hii dawa ilitengenezwa 1957 ikikusudiwa saratani, si mpya hata kidogo, na bado Afrika imeikosa miaka nenda rudi. Rafu za duka haziijui.

#11 TabibuWaZiwa

Kweli, usiitafute dukani. Huja kupitia mpango wa UKIMWI na kukaa kwenye hospitali kubwa za rufaa. Mzazi asizunguke mjini na karatasi akimaliza nauli. Daktari ndiye apige simu kwa famasia ya rufaa kabla mtoto hajapanda gari. Na anayeitumia apimwe damu kamili, maana huchosha uboho, yaani kiwanda cha damu ndani ya mifupa.

#12 BabaWawili

Samahani kuingilia. Nimesoma uzi wote mkono ukitetemeka. Mpwa wangu ana miaka minne, amelazwa huku upande wa Siaya tangu jana. Homa wiki mbili, ameacha kucheza, analala tu, akiamshwa analia na kurudi usingizini. Malaria ilikuwa chanya. Virusi amepimwa, hana. Daktari amesema ubongo umevimba na anafikiria deksamethasoni. Hii ni sawa?

#13 TabibuWaZiwa

Baba, pole sana. Siwezi kumtibu mtoto kupitia simu, na daktari aliye kitandani anaona kuliko mimi. Nenda kwake kwa heshima umuulize mambo matatu: Maji ya mgongo yametolewa? Kama hayajatolewa, kuna sababu ya kuzuia? Na kuna mtu mzima nyumbani anayekohoa?

Hilo la deksamethasoni, ambayo ni steroidi, ndilo limenifanya niandike haraka. Kwa kriptokokasi ilijaribiwa katika nchi za Asia pamoja na Malawi na Uganda, matokeo yakatoka 2016: utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliopewa walibaki na ulemavu zaidi na kuvu ilikufa polepole zaidi. Lakini kwa TB ya ubongo, dawa ileile inaokoa maisha. Na magonjwa haya mawili yanafanana: wiki kadhaa za homa, maji safi au karibu safi, glukosi chini, protini juu. Hutayatofautisha kwa macho. Kwa mtoto wa miaka minne asiye na virusi, mimi ningeifikiria TB kwanza, lakini CrAg ni dakika kumi.

#14 BabaWawili

Babu yake anakohoa tangu Desemba. Wanalala chumba kimoja.

#15 SistaWaZamu

Mwambie daktari HILO. Sasa hivi. Usingoje raundi ya asubuhi.

#16 OmeraKondele

Baba, kubali sindano. Mimi niliyeandika pale juu ndiye ninayekwambia.

#17 DarubiniMbili

Na waombe mililita za kutosha! Xpert hupenda maji mengi, yazungushwe kwanza.

#18 BabaWawili

Ndugu zangu, nimechelewa kujibu, chaji iliisha. Alitolewa maji jana saa mbili usiku. Daktari hakukasirika, alisema alikuwa anasubiri dada yangu atie sahihi, na dada alikuwa anaogopa kama Omera. Nilimsomea #3 kwa Kijaluo.

CrAg hasi. Xpert imerudi leo mchana: TB. Ameanzishwa dawa za TB na hiyo deksamethasoni pamoja. Babu amepelekwa kutoa makohozi. Mtoto bado amelala, lakini saa kumi alifungua macho akamwangalia mama yake muda mrefu, akaomba maji.

Daktari, yule binti wa chapati aliendeleaje?

#19 TabibuWaZiwa

Alirudi shule muhula uliofuata. Sikio la kulia halisikii, na hilo jicho lilinyooka baada ya miezi miwili. Anakaa dawati la mbele, upande wa dirisha. Nyanya ndiye anayempeleka CCC, na kadi anaishika yeye.

Tuambie kesho babu amepatikana na nini. Na watoto wengine wa nyumba hiyo wote wapelekwe wapimwe.